Mhariri, mbona namba ya Tanzania mmeiacha?

Ndugu Mhariri,

Gazeti lako nimelisoma kwa miaka mingi na sijawahi kukuandikia hata mstari mmoja. Habari yenu ya wiki iliyopita kuhusu dawa "inayozuia vifo vya watoto" ndiyo imenifanya nishike kalamu. Utakuwa unaikumbuka. Mliandika kwamba watoto wa chini ya miaka mitano wakinyweshwa azithromaisini, dawa ya antibayotiki, mara mbili kwa mwaka, hata wakiwa wazima wa afya, vifo vinapungua kwa zaidi ya asilimia 13, na kwamba utafiti umefanyika "katika nchi tatu za Afrika ikiwemo Tanzania". Mkaweka nukta, mkahamia habari nyingine.

Mimi ni muuguzi mstaafu. Karibu kazi yangu yote nimeifanya kwenye zahanati za wilaya hii ya Kongwa, na azithromaisini nimeigawa kwa mikono yangu, kijiji kwa kijiji, kwa ajili ya trakoma, ugonjwa wa macho ambao wengi huku wanauita vikope. Tulikuwa na fimbo iliyochorwa alama. Mtoto anasimama wima, visigino vimegusana na fimbo, unasoma alama iliyolingana na utosi wake, na hiyo ndiyo inakwambia umpe mililita ngapi. Wa chini ya miezi sita hatukuwapa, hao walipakwa tetrasaiklini ya macho. Kila aliyekunywa aliandikwa kwenye daftari, kaya kwa kaya. Nayasema haya ili usinidhanie mtu anayeiogopa dawa. Nimewaona kina mama ambao kope zimegeukia ndani zinakwaruza mboni kila wanapopepesa, wanatembea wamejifunika kanga usoni kukwepa jua. Dawa iliyowaepusha wajukuu zao na hayo siwezi kuisema vibaya.

Tena swali hili la vifo lilianzia huko huko kwenye trakoma. Mwaka 2009 watafiti waliokuwa wakigawa azithromaisini kwa ajili ya trakoma Ethiopia walitoa taarifa kwamba watoto wa maeneo yaliyopata dawa walikufa wachache kuliko wa maeneo yaliyosubiri. Ndipo ukapangwa utafiti mkubwa kuhakikisha jambo hilo: jamii 1,533, watoto zaidi ya 190,000 wa umri wa mwezi mmoja hadi miezi 59, nchi za Niger, Malawi na Tanzania. Kwa bahati nasibu, jamii nyingine zilipewa dawa yenyewe na nyingine zikapewa maji yanayofanana nayo yasiyo na dawa ndani, mara nne katika miaka miwili. Matokeo yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la New England Journal of Medicine. Asilimia yenu ya 13 inatoka hapo, na kwa ujumla wa nchi tatu ni kweli.

Lakini, Mhariri, nchi tatu zile hazikufanana hata kidogo, na namba za kila nchi zimo ndani ya muhtasari wa taarifa hiyo hiyo, aya moja tu, hazikuhitaji mtaalamu kuzichimbua! Niger, katika kila watoto 1,000 kwa mwaka walikufa 27.5 kwenye jamii zisizopata dawa, na 22.5 kwenye zilizopata. Hiyo ni pungufu ya asilimia 18, na mzazi yeyote wa Niger ana haki ya kuidai dawa hiyo. Malawi, 9.6 dhidi ya 9.1. Na Tanzania? 5.5 dhidi ya 5.4. Watafiti waliikadiria kuwa asilimia 3.4, tofauti ndogo kiasi kwamba huwezi kuitenganisha na bahati. Na sehemu ya Tanzania iliyofanyiwa utafiti ni Kilosa, wilaya inayopakana na Mpwapwa, watu tunaouziana nao mahindi na kuoana nao! Akina mama wa Kilosa walitoa watoto wao wahesabiwe na wanyweshwe chupa ambayo hawakujua ndani mna dawa au hamna, ili sisi sote tupate jibu. Jibu likapatikana, likaandikwa kwa Kiingereza, na leo gazeti la Kiswahili linalosomwa na jirani zao linachukua namba iliyobebwa na Niger na kuivisha jina la Tanzania. Watafiti watasema, na wana hoja, kwamba kazi ile ilipangwa isomwe kwa nchi zote tatu kwa pamoja, si moja moja. Sawa. Msomaji aambiwe na hilo. Asichostahili ni kufichiwa namba ya kwao.

Mjadala wenyewe bado ni wa moto, mwandishi wenu angeutafuta angeukuta. Agosti 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba dawa hii isigawiwe kila mahali. Lilisema ifikiriwe kwa watoto wa mwezi 1 hadi 11 tu, mahali ambapo vifo vya wachanga, yaani wa chini ya mwaka mmoja, vinazidi 60 katika kila vizazi hai 1,000, au vya chini ya miaka mitano vinazidi 80, na usugu wa dawa, yaani vijidudu kuizoea dawa hadi isiviue, ufuatiliwe. Utafiti wetu wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 uliona Tanzania ina 33 kwa wachanga na 43 kwa wa chini ya miaka mitano. Kwa wastani wa nchi, hatumo. Halafu mwaka 2024 Niger tena wakaonyesha kwamba kuwapa watoto wote hadi miezi 59 kulipunguza vifo kwa asilimia 14, ila kuwapa wa chini ya mwaka peke yao hakukuonyesha tofauti ya kutegemewa, kwa hiyo hata mwongozo wa 2020 unahojiwa. Na huko huko Niger, watoto wa vijiji vilivyopewa dawa walipopimwa, vinasaba vya usugu dhidi ya dawa za kundi hili vilikuwa vimeongezeka tumboni mwao. Wapo madaktari wanaosema mtoto anayekufa leo hawezi kungoja hesabu za usugu wa kesho. Kwa Niger nakubaliana nao. Kwa Kongwa sikubali, kwa sababu azithromaisini ni miongoni mwa dawa tunazozitegemea kipindupindu kikibisha hodi, na hatuwezi kuichakaza kwa faida ambayo Kilosa haikuonekana.

Sasa nikueleze habari yenu imefanya nini. Ijumaa alikuja nyumbani mtoto wa jirani yangu, binti mwenye mtoto wa miezi minane mgongoni. "Mbukwa bibi, shikamoo," kisha akatoa kwenye kitenge boksi la azithromaisini ya watoto, ile ya unga wa kuchanganya na maji, chupa imeshafunguliwa. Juu ya boksi mtu ameandika kwa kalamu "5ml x 1". Akaniuliza, "Bibi, hii nampa mara ngapi? Gazeti limesema mara mbili kwa mwaka, ila wa dukani kasema siku tatu." Nikamshika mtoto. Ana meno mawili ya chini, anacheka, hana homa, hana kikohozi, hana chochote. Hakupimwa uzito dukani, wala hakuna aliyemuuliza mama yake mtoto anaumwa nini. Hela iliyonunua chupa ile ilikuwa ya kusagisha mahindi. Picha ya habari yenu ilikuwa kwenye simu yake, imepigwa na kutumwa kwenye kundi la kina mama wa kikoba, na akaniambia si yeye peke yake aliyenunua.

Na hao wa maduka ya dawa nao! Unamkuta kijana amekaa kwenye stuli, unamtajia dawa anakupa, cheti haulizi. Antibayotiki zinauzwa vidonge viwili viwili, mtu anameza anapata nafuu anaacha, kilichobaki kinahifadhiwa kabatini kwa ajili ya mwingine. Zahanatini tulikuwa tunagombana na wagonjwa wamalize dozi, na nje ya geti mtu anauziwa robo yake. Wakaguzi wakija, taarifa imeshatangulia na milango imefungwa.

Lingine linaloniuma ni maji. Mwaka 1995 jarida la Lancet lilichapisha utafiti uliofanyika hapa hapa Kongwa, jozi tatu za vijiji. Vyote vilipata dawa ya macho, lakini nusu yake viliongezewa kampeni ya kuwanawisha watoto uso. Kwenye vijiji vya kunawa, trakoma kali ilikuwa pungufu kuliko kwenye vile vya dawa peke yake. Huo ni utafiti wetu, watoto wetu, inzi wetu. Sijawahi kuuona kwenye gazeti lako. Dawa ikitoka inapata picha na kichwa cha habari, na mama anayebeba dumu la lita 20 kutoka kisimani, ambaye lazima achague kati ya kupika na kumnawisha mtoto, hapati hata kona. Mtu akitaka kuandika habari ya kuokoa watoto wa Kongwa, aanzie kwenye foleni ya maji ya saa kumi na moja alfajiri.

Ninachotaka ni hiki. Kila mnapochapisha habari ya utafiti wa tiba, wekeni kando yake kisanduku cha mistari minne: umefanyika wapi, kwa watu gani na wangapi, umelinganisha nini na nini, na Tanzania ilionekana nini. Kama mstari wa nne hauna jibu, andikeni "haikupimwa". Kabla ya kuchapa, mwandishi ampigie simu mganga mfawidhi wa zahanati moja, yoyote, amsomee habari nzima. Na wenye mamlaka ya kutoa vibali vya utafiti wasitoe kibali cha pili kwa mtafiti mpaka matokeo ya kwanza yawe yamesomwa kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji kilichoshiriki, na karatasi yake ikabandikwa kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji, yenye tarehe na muhuri.

Kwa toleo lijalo naomba mchapishe namba za nchi zote tatu, kwa herufi za ukubwa ule ule wa kichwa cha habari, na chini yake mwandike kwamba mtoto mzima wa afya asinunuliwe azithromaisini dukani. Mkishachapisha, nitaipiga picha mwenyewe na kuituma kwenye lile kundi la kikoba.

Muuguzi mstaafu,
Kibaigwa, Kongwa.