Unene wa Wasamoa: jeni isisingiziwe kisukari

Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu afya ya watu wa Polinesia, visiwa vya Bahari ya Pasifiki, imenikera, na naomba nafasi nieleze sababu. Mwandishi anadai kuwa Wasamoa, Watonga na Wamaori wamezaliwa na maradhi ya unene, kwamba jeni yenyewe imeshapatikana, na kwamba hapo hakuna la kufanya. Mimi nafundisha baiolojia kidato cha tano na cha sita. Jumatatu wanafunzi waliingia na gazeti hilo darasani, wakilinukuu kama ushahidi kwamba kisukari ni mambo ya ukoo tu.

Jeni ipo kweli, inaitwa CREBRF. Mwaka 2016 kundi la watafiti, akiwemo Stephen McGarvey wa Chuo Kikuu cha Brown ambaye amefanya kazi Samoa kwa miongo kadhaa, lilitangaza matokeo ya kuchunguza vinasaba vya Wasamoa zaidi ya 3,000. Waligundua badiliko la herufi moja tu ya DNA. Kwa herufi hiyo, protini inayotengenezwa na jeni hiyo hupata glutamini katika nafasi ya 457, mahali ambapo kwa watu wengine hukaa arginini (zote mbili ni asidi amino, matofali ya kujengea protini). Karibu nusu ya Wasamoa wana angalau nakala moja ya badiliko hilo. Nje ya Pasifiki ni nadra mno kulikuta.

Kila nakala huongeza uwiano wa uzito na urefu, ule unaoitwa BMI kliniki, kwa takriban 1.4. Kwa mtu mwenye urefu wa sentimita 170 hizo ni kama kilo 4, na akirithi nakala kwa baba na kwa mama ni kama kilo 8. Si kidogo. Lakini ukichukua tofauti zote za unene zilizopo kati ya Msamoa mmoja na mwingine, badiliko hili linaeleza karibu asilimia 2 tu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mwandishi wenu aliliacha kabisa, na ndilo lililonifanya nishike kalamu. Utafiti uleule ulionyesha kwamba wenye badiliko hilo, pamoja na uzito wao, wana sukari ya chini kwenye damu na hupata kisukari aina ya pili kwa nadra kuliko wasio nalo. Watafiti wa Nyuzilandi walipowapima Wamaori na wahamiaji kutoka visiwani, walikuta hivyohivyo. Tafiti za baadaye zimeonyesha kuwa sehemu ya uzito huo ni misuli. Wanaume wenye badiliko hilo wameonekana kuwa na kiwango cha chini cha miostatini, protini inayozuia misuli isikue kupita kiasi. Kuuita huo ugonjwa wa kuzaliwa ni kuwaonea watu.

Ile hadithi aliyoileta mwandishi wenu, ya mababu waliosafiri kwa mitumbwi wakivumilia njaa, wakabaki wenye miili inayotunza mafuta, inatokana na dhana ya mtaalamu wa vinasaba James Neel ya mwaka 1962. Neel alikuwa akitafuta kwa nini jeni za kisukari zimedumu, akadhani ziliwasaidia watu wa kale kutunza chakula mwilini wakati wa njaa. Jeni inayonenepesha na papo hapo kupunguza kisukari hailingani na dhana hiyo, na mwandishi hakupaswa kuileta kama jambo lililokwisha kuthibitishwa.

Mwaka 1978 kisukari kilikuwa kwa watu wazima wawili hivi katika kila 100 nchini Samoa. Kufikia 2013 walikuwa karibu 20. Miaka 35 ni kizazi kimoja na kidogo. Jeni haziwezi kubadilika kiasi hicho kwa muda huo. Kilichobadilika ni chakula na kazi. Watu waliokuwa wakila magimbi, nazi, samaki na mashelisheli (ambayo sisi wa pwani tunayafurahia na asili yake ni hukohuko Pasifiki) wamejikuta na mchele, sukari, nyama za makopo na masalia ya machinjio ya nchi tajiri. Chukua mkia wa bata mzinga: kipande kidogo cha ngozi na mafuta ambacho Mmarekani mwenyewe hakitaki, kikagandishwa na kupelekwa visiwani kuuzwa kwa bei ya chini. Serikali ya Samoa ilikipiga marufuku mwaka 2007. Ilipojiunga na Shirika la Biashara Duniani mwaka 2012, ilibidi ikubali kuondoa marufuku hiyo. Hayo yalikuwa maamuzi ya watu mezani, na makala yenu haikuyagusa hata kwa sentensi moja.

Hata kipimo chenyewe kinahitaji uangalifu. Kwa BMI ileile, Mpolinesia huwa na misuli mingi na mafuta machache kuliko Mzungu. Ndiyo maana watafiti wamependekeza kwa Wapolinesia unene uliokithiri uhesabiwe kuanzia 32 badala ya 30. Ukitumia 30 kwa kila mtu, utawaita wagonjwa watu wengi ambao si wagonjwa.

Naomba gazeti lichapishe masahihisho yanayosema wazi kwamba badiliko hilo linaambatana na kisukari kidogo, si kingi, na yachapwe ukurasa uleule wa makala. Wanafunzi wangu wengi wana wazazi wenye kisukari. Mmoja aliniuliza kama kuna faida ya mama yake kuendelea kupunguza wanga na kutembea jioni, ikiwa yote yameandikwa kwenye damu. Nilimjibu kwamba faida ipo, tena kubwa. Ningependa alisome jibu hilo na kwenu.

Mwalimu wa baiolojia,
Morogoro