Bastola ndogo au kubwa? Pimeni mshipi kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji aliyeandika katika ukurasa huu juma lililopita, akiwashauri raia wenye leseni wanunue bastola ndogo na wasiguse kubwa, kwa kuwa kubwa "ni ya askari, haifichiki". Kama raia anafaa kutembea na bastola au la, hilo lina wenyewe na sitaliingia. Ila hilo neno "haifichiki" limeangukia mezani pangu. Mimi ni fundi wa ngozi, soko la Kariokor, Nairobi. Nilianza na viatu vya wazi na mishipi. Ala za bastola, ambazo wateja huziita holsta, zilinijia baada ya shambulizi la jengo la maduka la Westgate, hapa Nairobi, la Septemba 2013, ambako watu 67 waliuawa, na ambako raia wenye leseni walikuwa miongoni mwa wa kwanza kuingia ndani kuokoa watu. Kabla ya mwaka huo nilikuwa nimeshona ala mbili tu maishani mwangu. Siku hizi mwezi haupiti bila nne au tano.

Nikiri mapema kwamba sina bastola, sina leseni, wala sijawahi kuomba. Ninachokijua ni vile bastola inavyoikalia nguo ya mtu.

Kwenye rafu yangu nina bastola kumi na moja za mvule. Nilizichonga mwenyewe kwa kisu na msasa, nikifuata vipimo vinavyochapishwa na watengenezaji, kwa sababu ngozi ya ala hupewa umbo ikiwa imelowa. Unaitia maji ya uvuguvugu mpaka iache kutoa mapovu, unaikunja juu ya mfano, unaisukuma kwa kidole gumba na kijiti cha mfupa hadi kila pembe itokeze, kisha unaiacha ikauke kivulini siku mbili. Huwezi kukaa na bastola ya mtu ndani ya ngozi mbichi siku mbili. Kati ya hizo kumi na moja, mbili zimeshikwa mpaka zimeng'aa, zote mfano wa bastola za kampuni ya Glock ya Austria: ile ya Glock 17 na ile ya Glock 19.

Hizo ndizo kubwa na ndogo ambazo watu hubishania sana. Ya kwanza iliingia jeshi la Austria mwaka 1982; ya pili ilifuata 1988, nayo ni ile ile iliyopunguzwa mbele na chini. Risasi zao ni zile zile za milimita 9. Mtutu wa kubwa ni milimita 114, wa ndogo 102. Kwenda juu, kutoka chini ya magazini, kile kisanduku cha risasi kinachoingia ndani ya mpini, hadi kwenye kilengeo, kubwa ina karibu sentimita 14 na ndogo karibu 13. Kubwa hubeba risasi 17, ndogo 15. Zikiwa zimejaa, moja huizidi nyingine kwa uzito kama wa yai la kuku. Mteja akisikia hivyo hunitazama kama nimemwibia. "Fundi, ndiyo hivyo tu?" Ndiyo hivyo tu, mzee. Lakini angalia palipokatwa.

Mtutu huingia ndani ya suruali. Huko chini hakuna anayeutazama. Uwe milimita 102 au 114, shati halina habari. Kinachobaki juu ya mshipi ni mpini, umeinuka kuelekea nyuma kama mkia wa jogoo, na huo ndio unaomsaliti mtu. Mteja akija kujaribu ala, mimi humfunga bastola ya mvule kiunoni, namwambia avae shati lake, halafu naangusha sarafu ya shilingi 10 sakafuni. "Niokotee, tafadhali." Wengi huinama kwa kiuno badala ya kupiga goti, na papo hapo nyuma ya nyonga panaota nundu yenye kona, hata mtoto angeuliza ni nini. Kwa mvule wa 17, nundu huwatokea karibu wembamba wote. Kwa wa 19 wengine hupona. Hiyo sentimita moja ya mpini ndiyo unayoilipia unaponunua ndogo. Mwaka 2018 hao hao Glock walitoa 19X, yenye mpini mrefu wa 17 na sehemu fupi ya juu ya 19. Wapo wanaoipenda inavyokaa mkononi, na siwalaumu. Kwa mtu anayetaka kuficha, naona ni kama kinyozi aliyekata nywele zilizo chini ya kofia akaacha zinazoning'inia nje.

Msomaji wetu, basi, hakukosea kabisa. Alichosahau ni kwamba watu hawashindi wakiwa wamesimama. Nina mteja mfanyabiashara wa mifugo anayeendesha gari lake kutoka Isiolo hadi Nairobi. Alikuwa na kubwa. Akiketi, mtutu ulikuwa unagonga kiti, kiti kinaisukuma ala juu, na mpini unamchoma mbavuni. Kila safari alikuwa anafika Nanyuki ameshaivua na kuitia kwenye mfuko wa mlango wa gari, mahali ambapo mwanawe wa miaka sita angeweza kuifikia kabla yake. Huyo alipohamia ndogo alipumua. Kwake zile milimita 12 za mtutu zilikuwa na thamani kuliko risasi mbili.

Kisha kuna mama anayeuza marobota ya mitumba Gikomba. Alikuja kabla ya kununua, jambo ambalo wanaume hawalifanyi. "Fundi, mikono yangu ni midogo, na kila mtu ananiambia mwanamke ni ndogo." Nikampa mvule zote mbili azishike macho yakiwa yamefumbwa. Vidole vyake havikuona tofauti, isipokuwa kile cha mwisho. Unene wa mpini ni ule ule, na safari ya kidole hadi kwenye kifyatulio ni ile ile. Kilichofupishwa ni urefu tu. Mkono mdogo haupati nafuu yoyote hapo. Siku alipokwenda kuzijaribu kwenye uwanja wa kulenga shabaha kule Kiambu alinialika nikatazame, nikasimama nyuma kabisa masikio yakiwa yamezibwa. Ndogo ilimrukia mkononi zaidi. Kubwa ilitulia, na kwa kuwa kilengeo cha mbele na cha nyuma vimeachana zaidi, matundu yake kwenye karatasi yalikaribiana. Akachukua kubwa. Kazini huvaa lile koti refu la bluu la wachuuzi, na chini yake unaweza kuficha mwiko wa ugali wa harusi. Cheti cha leseni huandikiwa bastola ile ile kwa namba yake, wala si kiatu kwamba kikibana utakirudisha kesho, kwa hiyo alifanya vyema kushika kwanza.

Na mshipi jamani! Mtasema najipigia debe, na ni kweli najipigia. Bastola iliyojaa haiko mbali na kilo moja, na ile Ceska 75 ya chuma, ambayo kila msomaji wa habari za mahakamani anaijua kwa jina, hufika kilo hiyo ikiwa tupu. Mtu atanunua bastola kwa bei ya ng'ombe kadhaa, kisha aitundike kwenye mshipi wa barabarani ambao ukiukata kwa wembe unakuta kadibodi katikati. Mshipi unakunjika, bastola inaegemea nje, mpini unachungulia. Nimeona 17 iliyolala kimya kwenye mshipi wa ngozi mbili zilizoshonwa pamoja, na nimeona 19 ikining'inia kama embe. Wahenga walisema mchagua jembe si mkulima, lakini wahenga hawakuwahi kuuziwa mpini wa kadibodi.

Ninalo jambo jingine, nalo si la kujivunia. Ala ya kwanza niliyouza baada ya Westgate niliishona kwa ngozi laini iliyobaki kwenye mikoba ya akina mama. Ilipendeza machoni, nyeusi, inanukia vizuri. Mteja alikuwa na bastola ndogo, ya kufichika, kama anavyotaka msomaji wetu. Baada ya wiki chache mdomo wa ala ukalegea, ukawa unajifunga kila bastola inapotoka. Jioni moja chumbani kwake akawa anairudisha bila kuangalia, na mkunjo wa ngozi ukaingia ndani ya lile duara linalokizunguka kifyatulio. Yeye akasukuma chini, ngozi yangu ikavuta. Risasi ilipasua mguu wa suruali ikazama kwenye saruji, na kipande cha saruji kikamchana ugoko. Asubuhi alikuja na ala imefungwa kwenye gazeti, akaiweka mezani. Hakupaza sauti. Alinionyesha ule mkunjo kwa ncha ya kalamu, ukiwa bado na alama ya kifyatulio. Nilimrudishia pesa zake, na kwa miezi minne sikushona ala nyingine.

Niliporudi nilikuwa nimeacha ngozi laini. Sasa natumia ngozi ya ng'ombe iliyoiva kwa magome ya miwati, nene karibu milimita 4. Ile iliyoiva kwa kemikali za kromu haishiki umbo hata uisukume hadi usiku. Mdomo wa ala naushonea utepe wa pili wa ngozi, sindano mbili, uzi uliopakwa nta, msharasi ukitangulia. Nikimaliza natoa mvule na kubana mdomo kwa gumba kwa nguvu zangu zote. Ukifunga, ile ala inakatwa kuwa vishika funguo.

Ndiyo maana nasema udogo wa bastola unawadanganya watu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba 17 anaitia mfukoni tu. Wenye ndogo wa namna hiyo nimepata watatu. Mmoja aliiweka pamoja na funguo. Mwingine, Mungu shahidi, pamoja na njugu karanga. Wa tatu ni mama aliyekuwa nayo ndani ya mkoba, chini ya kitana na simu na risiti za maziwa, haina ala, kifyatulio kiko wazi, na alinyoosha mkono kunionyesha hapo hapo kibandani. Nilimwomba asiitoe. Huyo hakuwa na tatizo la ukubwa. Nilimshonea ala inayoshika sakafu ya mkoba na kufunika kifyatulio chote, na nikamwambia sehemu hiyo ya mkoba isiingie kitu kingine.

Kwa aliyekwama kabisa katikati, kuna jambo dogo la manufaa linalonipunguzia wateja lakini nitalisema: ala iliyotengenezwa kwa 17 huipokea 19 bila shida, ila ukigeuza, mtutu unachungulia chini. Magazini pia ni hivyo. Ile ndefu ya 17 huingia kwenye 19 na kutokeza kidogo, lakini fupi ya 19 haifiki ndani ya 17.

Msomaji wetu, kama yuko Nairobi, namkaribisha Kariokor upande wa wasusi wa vyondo. Aje na suruali anayovaa kila siku na shati analolipenda. Bastola aiache nyumbani imefungiwa. Kibanda changu ni hatua nne kwa tatu, na jirani yangu ana mjukuu anayetambaa. Mvule ninao, na sarafu ya shilingi 10 ninayo.

Fundi wa Ngozi,
Kariokor, Nairobi