Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025

Ndugu wanachama,

Sisi tunaotetea mabadilishano ya wanafunzi kati ya mataifa tuliuanza mwaka tukipanga kuomba programu mpya. Tukaumaliza tukihangaika kuokoa zilizopo.

Nianze na viza, maana huko ndiko tulikoumia zaidi. Tarehe 27 Mei Marekani ilisimamisha miadi mipya ya usaili kwa waombaji wa viza za masomo na za mabadilishano. Usaili ukarejea Juni, safari hii kwa sharti kwamba mwombaji aache wazi kurasa zake za mitandao ya kijamii zikaguliwe. Kwa asiyejua kalenda yetu, kusimama kwa wiki tatu si kitu. Lakini muhula huanza Agosti, na kabla ya hapo kuna familia mwenyeji ya kuthibitisha, bima ya kukata na tiketi ya kununua. Usaili ukisogea hadi mwishoni mwa Julai, mwanafunzi anafika wenzake wameshaanza masomo, au hafiki kabisa. Hoja hii ndiyo tuliyoipeleka kwa wabunge wa Marekani, na ilipenya kuliko hotuba zetu zote za urafiki wa mataifa. Mbunge akionyeshwa chuo cha jimboni mwake chenye vyumba vitupu, anauliza maswali ya maana.

Upande wa fedha, pendekezo la bajeti ya serikali ya Marekani kwa mwaka wa fedha 2026 lilitaka kukata zaidi ya asilimia 90 ya fungu la mabadilishano la Wizara ya Mambo ya Nje. Humo ndimo imo Fulbright, programu ya ufadhili wa masomo na utafiti iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1946 na kugharimiwa mwanzoni kwa mauzo ya mali za vita zilizobaki ng'ambo. Wengi tuliokutana nao walidhani ni msaada kwa wageni tu. Tulipowaeleza kwamba Wamarekani nao hupelekwa nje kwa fedha hizohizo, mazungumzo yalibadilika.

Mwezi Juni karibu wajumbe wote wa bodi ya Fulbright walijiuzulu, wakisema serikali imeingilia uteuzi wa wanufaika. Halmashauri yetu ilibishana sana kuhusu tamko. Tulitoa fupi, juu ya utaratibu wa uteuzi peke yake. Najua baadhi yenu mliliona limepoa. Mimi bado naona lilitosha, kwa kuwa mwaka ujao tutabisha hodi kwenye ofisi za wabunge wa vyama vyote viwili.

Agosti ikaja rasimu ya kanuni ya Marekani iliyotaka wanafunzi na washiriki wa mabadilishano wapewe muda maalumu wa kukaa nchini humo usiozidi miaka minne, badala ya utaratibu wa kubaki mradi masomo yanaendelea. Umma ulipewa siku 30 za kutoa maoni. Hapa niseme wazi: maoni yaliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye mfano tuliowatumia hayana uzito mkubwa, kwani maofisa wanaoyasoma huyaweka fungu moja na kuyajibu kwa mkupuo. Yenye nguvu ni yale ya taasisi mwanachama iliyoeleza kwa nini shahada yake ya uzamivu haikamiliki kwa miaka minne, na maabara inapoteza nini mtafiti akikwama akisubiri nyongeza ya muda.

Ulaya kulikuwa na habari njema. Desemba Uingereza ilitangaza kurudi mwaka 2027 kwenye Erasmus+, programu ya Umoja wa Ulaya ya kubadilishana wanafunzi. Ilipojitoa ilianzisha mpango wa Turing, ambao hugharimia wanafunzi wanaotoka Uingereza bila kuwagharimia wanaoingia. Mabadilishano ya upande mmoja, kwa kweli. Hatudai sifa yoyote hapo, ila mfano huo tutautumia.

Hesabu mtazipata kwa mhazini. Kwa mwaka ujao halmashauri inaomba kila taasisi mwanachama iteue mtu mmoja wa masuala ya sera, anayeweza kujibu barua pepe siku ileile rasimu inapotoka, na ambaye bosi wake amemruhusu kuzungumza.

Naomba kuwasilisha.