Kabla ya kununua seva mpya, angalieni mnavyotuma barua pepe

Mhariri,

Naomba nafasi niongelee jambo linalotusumbua sana sisi watu wa IT hapa Dar kila mwisho wa mwezi. Saccos au chuo kina watu elfu kumi, saa tatu asubuhi mtu anabonyeza tuma mara moja, kila mmoja apate barua pepe yenye PDF ya MB 3, haichukui muda seva imeelemewa, mhasibu ankara yake haiendi, aliyeomba kubadilisha nywila anasubiri namba ya uthibitisho mpaka mchana, halafu lawama anatupiwa mtu wa intaneti.

Jamani tupige hesabu. MB 3 mara watu elfu kumi ni GB 30, na faili likiambatanishwa kwenye barua pepe linaongezeka ukubwa kwa karibu theluthi moja kwasababu linageuzwa kuwa herufi, kwahiyo hapo unasukuma kama GB 40. Weka faili kwenye tovuti, kila mtu aingie na nywila yake achukue lake, barua ibaki na maelezo na linki tu.

Halafu foleni. Barua za mkupuo zinatakiwa ziwe na foleni yake na zitoke kidogo kidogo, ikiwezekana usiku, maana kuzichanganya na za kila siku ni kama kumpanga mgonjwa anayewahi Muhimbili nyuma ya watu wote wanaogombea mwendokasi pale Kariakoo jioni. Na hii haihitaji hela, ni kukaa chini na kuseti tu.

Kingine watu wetu wengi wako Gmail, yaani mzigo wote unagonga mlango mmoja. Ukituma kwa fujo seva yao inakujibu kwa namba inayoanza na 4, maana yake subiri kwanza, na seva yako yenyewe itajaribu tena baadae, utaratibu wa barua pepe unashauri kati ya jaribio na jaribio isipungue nusu saa na iendelee kujaribu siku nne mpaka tano kabla ya kukata tamaa. Sasa wengine wakiona foleni imejaa wanatuma upya list yote! Hapo umezidisha mzigo mara mbili, na mwanachama anapata barua mbili mbili, anakasirika anabonyeza spamu. Gmail tangu Februari 2024 wanataka anayetuma zaidi ya 5,000 kwa siku kwao awe ameweka SPF, DKIM na DMARC (mipangilio ya kuthibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli), na malalamiko ya spamu yasifike asilimia 0.3, ukizidisha hata barua zako za kawaida zinaanza kupotelea huko kwenye spamu.

Namba ya majibu ikianza na 5 ndo barua imegoma kabisa, na kama sababu ni kwamba anwani haipo, ifuteni kwenye list. Kuna list zina watu walioacha kazi miaka mingi na bado wanatumiwa kila mwezi.

Wakurugenzi, mkiletewa maombi ya kununua seva mpya, ombeni kwanza mwonyeshwe logi (kumbukumbu za seva) za ile siku ilipoelemewa, muone ni barua ngapi zilikuwa za mkupuo na ngapi zilikuwa zinarudiwa.

Fundi wa seva,
Sinza, Dar es Salaam