Barua kwa vijana wanaokuja kupanda mikoko

Wanangu,

Nawasalimu kutoka Gazi, Kwale. Kila tarehe 26 Julai, siku ya mikoko duniani, huwaona mkishuka na mbegu mikononi, na moyo wangu hufurahi. Kwa mapenzi hayo nawaambia wazi: kupanda ndiyo kazi ndogo kuliko zote za huku.

Ulizeni kwanza mikoko ya zamani iliondoka kwa nini. Hapa Gazi, miaka ya 1970 ilikatwa kwa kuni za viwandani. Kwingine mchanga umeziba mkondo wa maji ya bahari. Hapo mkipanda miche elfu, itakufa elfu. Shikeni majembe mzibue, na mara nyingi maji yenyewe yataleta mbegu.

Tena kila mti una mahali pake. Mlilana husimama mbele, ukitazama bahari. Mkoko wenyewe, ule uliowapa wenzake jina, hupenda tope la kando ya vijito, mkandaa hukaa nyuma. Niliwahi kuona kikundi kikipanda mkoko mtupu kwenye mchanga wa mbele kabisa, penye mawimbi, kwa kuwa mbegu yake, ndefu na nyembamba, ni rahisi kuchomeka. Kabla upepo wa kusi haujaisha, haukubaki hata mmoja. Iliniuma, maana watoto wale walifanya kazi kwa moyo.

Sasa ombi langu. Miche huzongwa na mwani na mifuko ya plastiki mpaka ikalala. Kaa huitafuna, mbuzi hula mchu, aina nyingine ya mikoko. Anatakiwa mtu wa kuja kila bamvua, siku za maji makubwa za mwezi mchanga na mwezi mpevu, maji yakipwa, atoe takataka, ahesabu iliyo hai, azibe mapengo. Anayeandika vizuri na ashike daftari; sisi wazee tunaona mengi, hatuyaandiki. Na hesabu ina faida: Mikoko Pamoja, mradi wa Gazi na Makongeni ulioanza mwaka 2013, hulipwa kwa hewa ya ukaa inayofyonzwa na msitu wa hekta 117, kwa sababu miti yake hupimwa. Fedha hizo zimetuletea maji na vitabu vya shule.

Basi chagueni kijito kimoja, mkizoee, msikibadilishe mwakani. Onaneni na kamati ya kijiji kabla ya kuingia msituni. Bamvua ijayo wakija watano tu wanatosha. Wavae viatu vya kufunga kamba. Tope letu huvua malapa.

Mzee wenu wa Gazi