Rambirambi zinafika, watu hawafiki

Mhariri,

Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na kuingia Tanzania mwaka uliofuata, kutuma rambirambi kumekuwa rahisi mno. Sina ugomvi na hilo. Aliye Muscat au Mwanza atawahije maziko Tanga? Ninaowasema ni sisi wa mtaa uleule.

Siku hizi msiba ukitokea linafunguliwa kundi la WhatsApp, mweka hazina anabandika orodha ya waliochanga, kisha zinamiminika "pole sana" za kunakili. Moja niliiona ina jina la marehemu wa msiba uliopita! Mkekani wamebaki wazee na majirani wawili watatu. Maji achote nani? Na nani amsikilize mfiwa akirudia kwa mara ya kumi jinsi mgonjwa alivyoamka usiku akaomba uji? Hayo huwezi kumsimulia mweka hazina.

Naomba wasimamizi wa makundi haya, kabla ya namba ya mchango, waandike msiba uko nyumba ipi na zamu za kukaa na wafiwa, hasa baada ya arobaini, simu zinaponyamaza.

Msomaji wako,
Tanga