Vitabu vya marehemu baba vimeleta mzozo sebuleni kwangu

Shangazi, shikamoo.

Mimi ni fundi cherehani, nina miaka 34 na watoto wawili. Tunakaa Ngamiani, hapa Tanga, nyumba ya kupanga: vyumba viwili na sebule, uani tunachangia na wapangaji wenzetu. Mume wangu anafanya kazi ya zamu kiwandani. Ni mtu mwema. Hajawahi kuniinulia mkono wala kuniacha nilale na njaa, na ndiyo maana jambo hili linaniuma kuliko ningekuwa na mtu mbaya wa kumlaumu.

Miaka miwili iliyopita baba yangu alifariki. Alifundisha shule ya msingi huko Muheza mpaka akastaafu, na mshahara wake mwingi uliishia kwenye vitabu. Baada ya arobaini tuligawana miti ya michungwa kama sheria inavyosema, kisha mimi nikaomba na vitabu. Kaka zangu hawakuwa na neno. Vilikuja Tanga kwa magunia manne juu ya keria ya Noah. Nilivihesabu sakafuni usiku ule ule: 312, ukiacha magazeti na madaftari yake.

Baba alikuwa na desturi moja. Akimaliza kitabu, ukurasa wa mwisho anaandika kwa wino wa buluu mahali alipokuwa na siku yenyewe ilivyokuwa. "Nimemaliza, mvua inanyesha." "Nimemaliza, mtoto ana homa lakini amelala." Huyo mtoto pengine ni mimi. Kwa hiyo mtu akiniambia vitabu vile nitavipata tena dukani, anasema kweli na hanisaidii.

Mwanzo nilikosea kwa kutojua. Nilimpa fundi seremala hela anitengenezee rafu ya mbao za paina kwa sababu ndiyo ya bei nafuu, nikaiegemeza kwenye ukuta wa nje, chini ya dirisha. Masika yakaingia. Mwezi wa tano nikatoa kitabu kimoja nimsomee mwanangu, kikaja chepesi mkononi kama ganda la yai. Jalada zima, mgongo mzima, ndani udongo. Mchwa walikuwa wamepanda kutoka kwenye ufa wa sakafu, wakajenga njia yao ya tope nyuma ya rafu, wakala vitabu kwa mstari, kimoja baada ya kingine, bila kugusa upande ninaouona. Nilipoteza 23. Kimoja kilikuwa Kusadikika cha Shaaban Robert, ambacho baba alitusomea tukiwa wadogo, na kila mara alitukumbusha kwamba mwandishi yule ni mwana wa huku huku kwetu, aliyezaliwa Vibambani mwaka 1909. Nimeshanunua kingine. Hakina wino wa buluu.

Baada ya hapo nilijifunza. Rafu ya sasa ni ya chuma, nilichomewa na fundi wa mageti, nikaipaka rangi mara mbili kwa sababu chumvi ya bahari hapa haina mchezo na kutu. Miguu yake minne nimeisimamisha kwenye makopo yenye oili chafu. Nimeihamishia ukuta wa ndani, na nyuma yake nimeacha nafasi ya kupitisha mkono ili hewa izunguke. Kaskazi linapovuma, mwezi wa kwanza na wa pili, navitoa uani vitabu vichache vichache, navisimamisha kivulini kurasa zikiwa wazi, upepo uvipitie. Juani sithubutu tena, nilijaribu mara moja majalada yakakunjamana. Majani makavu ya mwarobaini naweka nyuma, na karafuu kidogo kwenye vifuko ninavyoshona kwa vipande vya marekani. Tangu hapo mchwa hawajarudi.

Ila rafu ile haikutosha. Gunia moja lilibaki chini ya kitanda chetu.

Mwaka huu nilikwenda Muheza siku tatu kwa khitma ya baba. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Korogwe kutusaidia watoto. Ni mama anayependa nyumba safi, naye alipofagia chini ya kitanda akakuta gunia la karatasi kuukuu, lina vumbi na harufu ya unyevu, na mjukuu wake anakohoa. Akamwita jirani anayekaanga vitumbua pale kona, akampa.

Nilirudi jioni, nimechoka, nikatuma mtoto vitumbua vya chai. Vilikuja vimefungwa kwenye karatasi ya kitabu. Sikuitazama. Nilikula kimoja, nikachukua cha pili, na pale mafuta yalipolowesha karatasi mwandiko wa upande wa pili ukajitokeza, wa buluu, umelala kuelekea kulia. "Nimemaliza. Muheza, usiku, taa imeishiwa mafuta." Shangazi, nilikaa na karatasi ile mkononi mpaka chai ikapoa. Asubuhi nilikwenda kwa jirani na kilo mbili za unga wa mchele kufidia, nikarudi na vitabu 41. Vingine vilikuwa vimeshakwenda na wateja.

Mama mkwe nilimsamehe siku ile ile, kwa kweli kabisa. Hakujua. Nilipomwonyesha mwandiko alilia, akasema, "Mwanangu, mimi niliona karatasi tu." Kilichobaki kizito ni alichosema mume wangu aliporudi zamu ya usiku. Alisema, "Mama amekosea, lakini na mimi nimechoka, mama watoto. Hii sebule siyo maktaba."

Ana hoja, na naomba nizieleze kwa haki. Mtoto wetu wa pili, ana miaka mitano, ana pumu. Zahanati walituambia vumbi na ukungu vinaiamsha. Ni kweli, masika vitabu viwili vitatu vilifanya madoa ya kijivu. Halafu mdogo wa kike wa mume wangu anaolewa baada ya Idi. Baba yao hayupo, kaka mkubwa ni yeye, kwa hiyo wageni wa upande wa bwana harusi watapokelewa kwetu. Amedunduliza fedha mwaka mzima anunue makochi na kabati la vioo la kuweka vyombo na runinga. Kabati lile halina mahali pengine pa kukaa ila pale pale ilipo rafu yangu, nimepima kwa futi ya cherehani, ukuta una sentimita 290 na mlango umekula 85.

Amependekeza vitabu vipelekwe maktaba ya mkoa. Mimi ni msomaji wa pale na napapenda, lakini nikivifikiria vile vyenye mwandiko vikigongwa mhuri na kupewa namba, mkono unakataa kuvifunga.

Sasa nikueleze sebule yenyewe ilivyo, maana huenda wewe ukaona nisichokiona. Hatuna makochi. Tuna mkeka mkubwa wa ukindu, kiti cha baba cha mninga ambacho mchwa hawajakigusa miaka yote hii, na godoro dogo la sponji nililolishonea foronya ya kitenge. Mito saba nimeijaza vipande vinavyobaki kwenye sare za shule ninazoshona. Pazia ni kanga mbili nilizoziunganisha, jina nimelipindia ndani ili yabaki maua tu. Taa nyeupe ya juu naizima jioni, nawasha ndogo ya mwanga wa njano iliyo juu ya kiti cha baba, na siku nikiwa na udi nafukiza kidogo, mbali na mtoto. Kati ya magharibi na isha watoto wanalala ubavuni mwangu mmoja huku mmoja huku, nawasomea. Mkubwa ana miaka tisa, darasani kwao anasoma vizuri sana, na sidhani ni bahati tu. Wapangaji wenzangu wameanza kuwaleta wa kwao. Juzi walikuwa wanane kwenye mkeka mmoja.

Hii saa moja nimeipata kwa jasho, Shangazi. Nimeitafuta jikoni. Zamani maharage yalinikalisha mbele ya mkaa toka saa tisa, na mara moja nilizama kwenye riwaya mpaka sufuria ikaungua na jirani ndiye aliyenusa. Nikajitengenezea kapu: tenga la machungwa, ndani nimezungushia sponji na blanketi kuukuu, na mto mzito wa kufunikia juu. Maharage nayaloweka usiku, asubuhi namwaga maji yale, nachemsha kwa maji mapya dakika ishirini kamili yakitokota kwa nguvu, kisha sufuria inaingia kapuni na mfuniko wake na sifungui. Nakaa kwenye cherehani. Adhuhuri yameiva na mkaa nimetumia kopo dogo tu. Jioni narudisha motoni, yapate moto mpaka yatokote tena, nakatia kitunguu, nyanya na karoti, natia tui jepesi, na tui zito mwisho kabisa nikikoroga taratibu lisikatike. Wali au muhogo pembeni, mchicha, tumekula. Siku nyingine ni viazi vitamu vya kuchemsha na chai ya mchaichai, na watoto hawalalamiki.

Mume wangu anakula, anasifia. Lakini mama mkwe analiona kapu kama aibu. Kwake yeye chakula cha mwanaume kinasimamiwa motoni, na mke anayefunika sufuria kwa blanketi akaenda kushika kitabu ameuacha wajibu wake nusu. Amemwambia mwanawe hivyo, mimi nikiwa chumba cha pili. Nafikiri neno lile limeingia, kwa sababu tangu hapo mume wangu akirudi akinikuta kwenye kiti cha baba anauliza kwanza kama tumepika, hata harufu ya nazi ikiwa imejaa nyumba nzima.

Nimefikiria mambo kadhaa. La kwanza, kumwomba kabati la vioo liwe na milango mpaka chini, upande mmoja vyombo, upande wa pili vitabu vya baba vyenye mwandiko peke yake. Nimevitenga, ni 167. Milango itazuia vumbi lisimfikie mtoto. Ila naogopa: kabati lililofungwa, kwa unyevu wa Tanga, si ndiko ukungu utakakostawi? Fundi anasema anaweza kutoboa matundu mgongoni na kuweka wavu. Je, inatosha? Na mbao aliyonayo ni paina tena, anasema imetiwa dawa. Ya mninga bei yake ni karibu mara tatu, na sioni nitamwambiaje mume wangu aongeze fedha kwa ajili ya kitu ambacho tayari kinamkera. Au fedha hiyo itoke kwenye cherehani yangu, nisimwombe?

Vilivyobaki, visivyo na mwandiko, niko tayari vingine viende maktaba na vingine niwape wale watoto wa uani. Hilo nimeshalikubali moyoni.

Ninachoshindwa kabisa ni mkeka. Makochi yakiingia, yale makubwa anayoyataka, watoto wanane hawatapata pa kulala kifudifudi wasikilize. Nikisema tununue madogo, atadhani namnyima heshima mbele ya wakwe wa dada yake. Nikinyamaza, sebule itakuwa ya wageni wanaokuja mara mbili kwa mwaka, na sisi wenyewe tutahamia uani. Kuna njia ya kupanga chumba cha kama futi 12 kwa 10 kikawa na hadhi ya kupokea posa na bado pakabaki kona ya kiti, taa na mkeka? Wewe umeona nyumba nyingi. Mama mmoja mteja wangu ameniambia makochi ya mbao ya kukaa watu wawili wawili, yenye mito ya kutoa, husogezwa ukutani na katikati pakabaki wazi. Mito naweza kushona mwenyewe, tukaokoa fedha ikaenda kwenye mninga. Lakini sijui nilianzishe vipi jambo hili bila kuonekana nimeshapanga yote peke yangu.

Na la mama mkwe pia nisaidie. Anarudi mwezi wa Ramadhani. Nimewaza nimwombe anifundishe ule mchuzi wake wa kunde, nipike siku hiyo motoni mwanzo mwisho nikiwa nimekaa naye, halafu usiku nimsomee kitabu kimoja cha baba. Macho yake hayaoni vizuri maandishi, lakini hadithi anazipenda, nilimwona anasikiliza mlangoni siku moja, akajifanya anapanga viatu. Unaona ni vizuri, au atahisi namchezea akili?

Fundi anataka malipo ya mwanzo Jumamosi ya wiki ijayo, na mume wangu siku hiyo yuko zamu ya mchana, kwa hiyo mazungumzo lazima yafanyike Ijumaa usiku. Tafadhali nijibu kabla ya hapo.

Ni mimi mwanao,
Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga